Kuupima Uchovu kwa Futi: Mwongozo wa Fundi Cherehani Mwenye Damu Nzito

Siku niliyojua kwamba uchovu wangu umevuka mpaka nilikuwa natia vifungo kwenye shati la mteja. Vifungo saba tu. Nilipofika cha tatu niliweka sindano chini, nikaegemeza kichwa kwenye cherehani, na nilipoinua macho saa nzima ilikuwa imekwenda. Wala sikuwa nimekesha. Usiku wake nilikuwa nimelala muda wa saa tisa, nikaamka nimechoka kuliko nilivyolala.

Ugonjwa wangu unaitwa polisithemia vera. Kliniki kwetu wagonjwa tunasema tu "damu nzito", na hatukosei: uboho, ule uliomo ndani ya mifupa, unatengeneza chembe nyekundu bila kuuliza kama mwili unazihitaji. Daktari Mfaransa, Louis Henri Vaquez, aliueleza mara ya kwanza mwaka 1892, lakini ilibidi tusubiri hadi 2005 ndipo wanasayansi wakaona kasoro kwenye jeni ya JAK2, ambayo hukutwa kwa wagonjwa takribani 95 katika kila 100. Ni ugonjwa adimu, wa ukoo mmoja na thrombosithemia (chembe sahani, zile za kugandisha damu, kuzidi) na myelofibrosisi (uboho kujaa makovu). Nimeishi nao miaka sita nikijua, na miaka kadhaa nikiwa sijui.

Wiki ile ya vifungo nilikwenda kliniki. Daktari akatazama karatasi ya maabara, akaona hematokriti, yaani asilimia ya damu iliyo chembe nyekundu, ni 44, akatabasamu. "Mama, damu yako iko vizuri sana." Nikarudi nyumbani na damu nzuri na miguu isiyotaka kupanda ngazi.

Ilinichukua muda kukubali kwamba yeye alikuwa na haki ya kutabasamu. Utafiti uliofanyika Italia kwa wagonjwa 365, ukachapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba walioachwa na hematokriti kati ya 45 na 50 walipatwa na vifo vya maradhi ya moyo na mishipa au kuganda kwa damu kukubwa karibu mara nne zaidi ya wale walioshushwa chini ya 45. Ile 44 yangu ilikuwa inanilinda nisipate kiharusi. Ila haikuwa inasema lolote kuhusu vifungo vilivyobaki. Hayo ni mambo mawili, na kila moja lina futi yake ya kupimia. La kwanza hupimwa na maabara. La pili usipolipima wewe, hakuna atakayelipima.

Mimi si daktari. Ninachoandika hapa ni namna nilivyojifunza kuupima uchovu, kuukata vipande, na kupeleka kila kipande kwa mwenye uwezo nacho. Haukuisha. Umepungua karibu nusu, na hiyo nusu ni tofauti ya mtu anayefanya kazi na mtu anayetazama dari.

Kwanza jua kwamba hujiwazii

Mwaka 2007 ulichapishwa uchunguzi wa wagonjwa 1,179 wa maradhi ya ukoo huu wangu, waliojibu maswali kwa intaneti kutoka nchi mbalimbali. Asilimia 81 walisema wana uchovu. Kuwasha mwili kulifuata kwa asilimia 52, jasho la usiku asilimia 49, maumivu ya mifupa asilimia 44. Nilipoonyeshwa namba hizo nililia kidogo, kwa furaha ya ajabu. Kwa miaka miwili nilikuwa naambiwa "ni umri", na wakati naanza kuambiwa hivyo nilikuwa na miaka arobaini na minne.

Kinachochosha si uzito wa damu peke yake. Chembe zenye kasoro huchochea mwili umwage saitokini, zile kemikali ambazo mwili huzitumia kuwasiliana wakati wa vita na maradhi. Unakumbuka mwili unavyolegea ukiwa na mafua makali? Ni hizo hizo. Tofauti ni kwamba mafua huisha baada ya wiki, na sisi vita vyetu havina siku ya mwisho. Juu ya hapo kuna upungufu wa chuma, kuna dawa zenyewe, kuna usingizi uliokatika, kuna moyo uliovunjika. Ndiyo maana kidonge kimoja cha kuondoa uchovu wote sijakiona. Ukisikia mtu anakiuza, mpite.

Daftari la siku kumi na nne

Chukua daftari dogo. Mara tatu kwa siku, ukiamka, saa saba mchana na saa mbili usiku, andika namba moja kati ya 0 na 10. Sifuri ni siku ambayo hukumbuki kama una mwili. Kumi ni siku ambayo kugeuka kitandani ni kazi. Pembeni ya namba andika maneno machache: ulilala saa ngapi na kuamka saa ngapi, umekatishwa usingizi mara ngapi, umekunywa dawa gani na saa ngapi, umefanya nini katika saa mbili zilizopita. Basi. Usiandike insha. Nilijaribu insha mara mbili, na mara zote mbili niliacha siku ya nne.

Usisubiri siku mbaya ndipo uandike. Siku njema ndizo zenye siri nyingi zaidi, kwa sababu zinakuonyesha ulichofanya juzi yake.

Sasa nikueleze daftari langu lilifichua nini. Nilidhani nachoka kadiri siku inavyokwenda, kama watu wote. Lakini namba mbaya kuliko zote ilikuwa ya saa saba mchana, na usiku napata nafuu. Mimi nilitazama kurasa zile nisione kitu. Binti yangu ndiye aliyeona. "Mama, mbona kila penye nane pana kidonge cha asubuhi?" Kidonge chenyewe kilikuwa klorofeniramini, dawa ya mzio ya kizazi cha zamani, niliyopewa na daktari mwingine kabisa kwa ajili ya kuwasha. Nilikuwa naimeza saa tatu asubuhi na saa tatu usiku. Dawa za kundi hilo hulevya usingizi. Wengine huzimeza kwa makusudi walale. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiye fundi wa nguo.

Nilipeleka ukurasa ule kliniki, tukakubaliana dozi ya asubuhi iondoke na kuwasha kushughulikiwe kwa njia nyingine. Katika wiki mbili nane ikawa sita. Pointi mbili bila kuongeza dawa yoyote. Usiache dawa kwa uamuzi wako mwenyewe, lakini kila dawa uliyonayo, hata ya kifua, hata ya kikohozi, iandike na uulize: hii inachosha? Baadhi ya dawa za presha, hasa zile zinazopunguza kasi ya moyo, huchosha. Interferoni, moja ya dawa za ugonjwa huu, huchosha. Haidroksiyurea, dawa ya kupunguza utengenezaji wa chembe, nayo ikikandamiza uboho kupita kiasi, inaweza kukushusha damu hadi upungufu, na hapo unachoka kwa sababu nyingine kabisa.

Namna ya kumwambia daktari

Neno "nimechoka" halina nguvu tena. Kila mtu kwenye foleni ile amechoka, na daktari pia amechoka. Badala yake nenda na kitu ulichoshindwa kufanya. Mimi niliacha kusema nimechoka, nikasema: "Mwaka jana nilikuwa nashona magauni manne kwa wiki, sasa nashona moja na nusu. Napumzika kila baada ya vifungo vitatu. Namba yangu ya mchana ni nane kwa siku kumi na moja kati ya kumi na nne." Daktari akaweka kalamu chini. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akiiweka.

Na kipo kipimo rasmi, mwombe. Kwa maradhi ya ukoo wetu kuna dodoso la vipengele kumi ambalo wataalamu wamekuwa wakilitumia tangu 2012: uchovu, kushiba haraka, usumbufu wa tumbo, kushindwa kujishughulisha, umakini, jasho la usiku, kuwasha, maumivu ya mifupa, homa, na kupungua uzito. Kila kimoja unakipa 0 hadi 10, jumla mwisho ni 100. Wanaotathmini matibabu ya damu nzito huhesabu kushuka kwa pointi 10 kuwa nafuu ya maana. Mara ya kwanza mimi nilipata 51: uchovu 8, shibe 3, tumbo 4, kujishughulisha 7, umakini 7, jasho 7, kuwasha 9, mifupa 6, homa na uzito sifuri. Tazama vizuri. Kilichoongoza ni kuwasha! Nilikuwa nimeng'ang'ania uchovu na kumbe mwizi wa usingizi wangu alikuwa ngozi.

Ukiwa kwenye mazungumzo hayo, omba vitu hivi viangaliwe kabla mtu hajakuambia uzoee: picha kamili ya damu, feritini ambayo ni akiba ya chuma, tezi ya thairoidi iliyoko shingoni, vitamini B12 na foleti, figo, ini, sukari. Na kama unakoroma na mwenzio wa kitandani anasema kuna nyakati unaacha kuvuta pumzi, sema. Kukatika pumzi usingizini kunachosha mchana, na kwa jambo la kuudhi zaidi, kwenyewe kunaweza kuongeza chembe nyekundu.

Kitendawili cha chuma

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wetu tunapopotea, na ndipo mimi nilipopotea.

Tiba ya kwanza ya damu nzito ni kutolewa damu, pamoja na aspirini ya dozi ndogo kwa wale wanaoruhusiwa. Kila wanapotoa mililita 450, huondoka na chuma cha miligramu 200 hadi 250. Mwili mzima wa mtu mzima una gramu 3 au 4 tu za chuma. Piga hesabu: baada ya kutolewa mara kadhaa kwa mwaka ghala linabaki tupu. Na ghala kuwa tupu ndiko kunakofanya tiba ifanye kazi, maana uboho ukikosa chuma unakosa malighafi ya kutengenezea chembe nyekundu. Ni sawa na kumnyima fundi asiyejua kuacha kazi kitambaa.

Tatizo ni kwamba chuma hakitumiwi na damu peke yake. Misuli inakihitaji, ubongo unakihitaji. Kwa hiyo unaweza kuwa na damu nyingi na chuma kidogo kwa wakati mmoja, jambo ambalo hata wahudumu wengine hulishangaa. Dalili zake nilizipata zote: kucha zinazokatika zenyewe, miguu isiyotulia usiku, kichwa kizito, na uchu wa kutafuna barafu ambao niliuonea aibu nikauficha. Mficha maradhi kilio humfichua. Uchu wa barafu unajulikana na madaktari, ni dalili inayoandikwa.

Usikimbilie vidonge vya chuma. Jirani yangu mwema aliniletea chupa ya dawa ya kuongeza damu. Kuongeza damu, mimi! Uboho wetu ukipata chuma hauulizi, unashona usiku na mchana, na hematokriti inaweza kuruka kwa muda mfupi. Cha kufanya ni kuuliza swali hili: "Natolewa damu mara nyingi, chuma kimeisha na dalili ninazo. Je, si wakati wa kufikiria dawa ya kupunguza utengenezaji wa chembe, ili nitolewe mara chache?" Mimi nilikuwa natolewa karibu kila wiki sita. Nilipoanza haidroksiyurea, mwaka uliofuata nilitolewa mara mbili tu, na miguu ikatulia kitandani polepole bila kidonge hata kimoja cha chuma.

Kama haidroksiyurea haikufai au hukuivumilia, zipo njia nyingine. Interferoni ni moja. Ruksolitinibu, ambayo Marekani iliidhinisha kwa myelofibrosisi mwaka 2011 na kwa damu nzito mwaka 2014, inajulikana zaidi kwa kupunguza dalili zenyewe, kama kuwasha, jasho na bandama iliyovimba. Nayo ina yake: mkanda wa jeshi huwapata zaidi wanaoitumia. Mazungumzo hayo ni ya wewe na daktari wako. Mimi nataka tu ujue kwamba "dalili zinanishinda ingawa hematokriti ni nzuri" ni sababu halali ya kuyaanzisha.

Kugawa nguvu kama kitambaa

Kitambaa cha mita mbili hakitoi gauni la mita tatu, hata ukipanga vipande kwa ustadi gani. Nilijua hilo kwa vitambaa miaka ishirini kabla ya kulijua kwa mwili wangu.

Nilizipa kazi zangu bei. Kushona kwa mashine nimekaa, pointi 1 kwa saa. Kukata nimesimama, 3. Kumpokea mteja, kumpima, kucheka naye, 2, na kama ni mwenye maneno mengi, 3. Kupiga pasi 4, maana ni joto na kusimama kwa pamoja. Nikagundua naanza siku nikiwa na pointi kumi na mbili hivi. Hii si sayansi, ni hesabu ya nyumbani, na yako itakuwa tofauti. Lakini siku ya kwanza kuandika niliona kwamba nilikuwa nimepanga kazi za pointi kumi na tisa, na kila siku nilikuwa nashangaa kwa nini sizimalizi.

Basi nilibadilisha. Kukata nafanya asubuhi, juu ya kiti kirefu, nusu nimekaa. Meza ya pasi niliishusha hadi usawa wa kiti, napiga pasi nguo mbili kisha nafanya kitu kingine. Wateja wanakuja siku tatu kwa wiki, saa nne hadi saa sita. Wawili waliondoka kwa sababu hiyo. Wengine walizoea.

Jambo lililonisaidia kuliko yote ni saa ya mezani. Inalia kila baada ya dakika 25, na ikilia nasimamisha kazi, nafumba macho dakika tano. Hata kama nina nguvu. Hasa kama nina nguvu. Pumziko linalokuja baada ya kuchoka ni kulipa deni, na linalokuja kabla ni akiba.

Siku njema ni mtego. Katika mwaka wa pili niliamka siku moja na namba 2. Mbili! Nilishona suti mbili, nikapiga pasi mapazia ya nyumba nzima, nikapanda darini kutafuta mashine ya zamani. Siku nne zilizofuata namba zilikuwa 9, 9, 8, 9. Siku njema inakukopesha kwa riba. Sasa nikiamka na 2 najiongezea pointi mbili tu za kazi, nazo nazitumia kwa kitu ninachokipenda, si kwa mapazia.

Kutembea, hata kama unaona ni kejeli

Nilimchukia mtu wa kwanza aliyeniambia nifanye mazoezi. Nilimwona hajaelewa. Lakini alikuwa na nusu ya ukweli: misuli isiyotumika hunyong'onyea, na mwili ulionyong'onyea huchoka kwa kazi ndogo zaidi. Nusu aliyoikosa ni kiwango cha kuanzia.

Anza na dakika tano, mara mbili kwa siku, mwendo wa kuweza kusema sentensi nzima ila usiweze kuimba. Ongeza dakika moja au mbili kila wiki, kwa sharti kwamba namba ya kesho yake haikupanda. Ikipanda kwa siku mbili mfululizo, rudi nyuma hatua moja bila kujilaumu. Shirika la Afya Duniani linataka watu wazima wafikishe angalau dakika 150 kwa wiki. Mimi nilichukua miezi saba kufika 100, na bado niko hapo. Kama bandama yako imevimba, au chembe sahani ziko chini, uliza kwanza mazoezi gani ya kukwepa, hasa ya kubeba mizigo mizito au yanayoweza kukugonga tumbo. Na usikae saa nyingi bila kuinuka, damu yetu haipendi. Maji nayo: mwili ukikauka, hematokriti hupanda.

Ngozi, jasho na usingizi

Kuwasha kwa damu nzito kuna tabia yake: kunakuja ukishaoga, bila upele wowote. Maji yenyewe ndiyo kichocheo, yawe ya moto au baridi. Kwangu kulidumu dakika arobaini, na kwa kuwa nilikuwa naoga kabla ya kulala, dakika hizo zilikuwa zinaniibia lango la usingizi. Nilihamisha kuoga hadi alasiri. Naoga haraka, maji ya vuguvugu, najikausha kwa kugusagusa taulo bila kusugua, kisha mafuta mazito wakati ngozi ingali na unyevu. Ikishindikana kuna tiba za hospitali, pamoja na miale ya urujuanimno. Usiteseke ukidhani ni uchafu wa maji au sabuni mbaya. Nilibadilisha sabuni sita.

Jasho la usiku nimelifanyia maandalizi: gauni la pili limekunjwa kando ya mto na shuka la ziada miguuni. Nikiloa nabadilisha gizani bila kuwasha taa na bila kutazama saa, narudi kulala. Zamani nilikuwa nawasha taa, naona saa nane, nakasirika, basi usiku umeisha. Usingizi wa mchana usizidi nusu saa, na uwe kabla ya saa tisa. Kafeini, nusu yake inaweza kuwa bado mwilini saa tano baada ya kuinywa. Mimi siigusi baada ya saa sita mchana.

Akili iliyoingia ukungu, na moyo

Nilishona mikono miwili ya kushoto kwenye koti moja. Mwenye koti alicheka, mimi sikucheka. Tangu hapo vipimo naviandika mteja akiwa bado amesimama na namsomea kwa sauti. Kazi moja mezani, nyingine kwenye kikapu chenye kifuniko. Redio nazima wakati wa kukata. Sijapata bora zaidi ya hayo.

Sonona ni jambo jingine na inastahili kutajwa kwa jina lake. Kwa namna nilivyozionja zote mbili, tofauti ni hii: uchovu wa damu uliniacha nikitaka kushona nisiweze. Sonona, iliponipata mwaka wa tatu, iliniacha nikiweza kidogo nisitake. Ikipita wiki mbili huna hamu na chochote ulichokipenda, mwambie daktari siku hiyo, hasa kama unatumia interferoni, kwa sababu dawa hiyo yenyewe inaweza kuileta. Inatibika. Nilipata mshauri nasaha, vikao kumi, na sikuona haya kuliko nilivyoona kwa barafu.

Watu wa karibu

Ugonjwa wetu una kejeli yake. Wingi wa chembe nyekundu hutia uso wekundu wa afya, kwa hiyo siku unayojiburuta ndiyo siku unayoambiwa, "Umenawiri mno! Siri gani?" Nilikuwa naeleza jeni na uboho mpaka nikachoka zaidi. Sasa nasema, "Damu yangu inatengenezwa kupita kiasi, inanichosha kuliko inavyoonekana," basi.

Nyumbani tunatumia namba. Nikisema "leo saba", mume wangu anajua sitapanda ngazi na hataniuliza kuna nini. Kabla ya namba alikuwa anadhani nimemkasirikia. Nusu ya ugomvi wetu wa miaka ile ilikuwa ni uchovu aliousoma kama hasira.

Uchovu usioandikwa kwenye daftari

Kuna uchovu wa kukimbilia hospitali wakati huo huo: ukija na kifua kubana au pumzi kukata ghafla, upande mmoja wa mwili kulegea, ulimi kuwa mzito, kuona giza jicho moja, kichwa kuuma ghafla kuliko ulivyowahi kuumwa, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kutapika damu. Na kuna ule unaoongezeka polepole kwa wiki kadhaa pamoja na kupungua uzito, homa, na tumbo la kushoto juu kujaa. Huo usingoje tarehe ya kliniki, kwa sababu damu nzito kwa baadhi ya watu hugeuka myelofibrosisi, na mapema ni bora.

Kama ugonjwa wako si huu wangu

Daftari ni lile lile, maswali ndiyo hubadilika. Mwenye himoglobinuria ya usiku, ule ugonjwa adimu unaopasua chembe nyekundu na wakati mwingine kuleta mkojo mweusi asubuhi, aulize kama chembe bado zinapasuka licha ya dawa; himoglobini inayomwagika nje ya chembe hufyonza naitriki oksaidi, gesi inayolegeza mishipa ya damu, mwilini, na ndiyo maana uchovu wake unaweza kuzidi kiasi cha upungufu wa damu unaoonekana kwenye karatasi. Mwenye chembe sahani chache kwa sababu ya kinga kujishambulia anaweza kuchoka hata hesabu ikiwa imepanda, na kama anatumia steroidi, aangalie usingizi kwanza. Mwenye kinga inayoshambulia chembe nyekundu aulize himoglobini imeshuka kwa kasi gani, maana kasi huchosha kuliko namba yenyewe.

Rudia dodoso kila miezi mitatu

Langu la mwisho nilijaza wiki iliyopita, nimekaa kwenye benchi la kliniki na futi bado iko shingoni. Uchovu 4, shibe 2, tumbo 2, kujishughulisha 3, jasho 3, kuwasha 4, mifupa 4, homa na uzito sifuri. Umakini 5. Jumla 27, kutoka 51. Vifungo saba navitia kwa mkupuo mmoja sasa, mara nyingi. Lakini ile 5 ya umakini haijasogea kwa miezi tisa, na nimeizungushia wino mwekundu ili kliniki ijayo tuanze nayo.